Rangi ya kiwandani: kwa nini Land Rover ya zamani ina bodi nzima na chasisi iliyooza



Malipo ya kahawa yakishaingia, swali linalofuata hapa kwetu Kigonsera huwa ni usafiri. Watu wawili au watatu huungana, wakakusanya fedha, wakaenda kutafuta gari la zamani la kupandishia mbolea na kushushia kahawa. Mara nyingi ni Land Rover 109. Gari linaletwa linang'aa. Ukichungulia chini, chasisi ni nyeusi tii, bolti nyeusi, springi nyeusi, hata mabomba ya breki ni meusi. Muuzaji anakuambia, "Hili nimelirudisha kama lilivyotoka kiwandani."

Hapo simama kidogo. Land Rover haikutoka kiwandani hivyo. Kiwanda kilikipa kila chuma vazi lake: chasisi rangi nyeusi, kingo za bodi zinki ya kijivu, bolti nyingine mng'ao wa fedha au manjano. Vazi hilo halikuwa la urembo tu, lilikuwa kinga. Ukijua lilikotoka na kazi yake, utajua mambo mawili: gari unalouziwa lina afya gani, na ukitaka kulirudisha kweli uanzie wapi.

Kutu inavyofanya kazi

Kutu inahitaji vitu vitatu: chuma, maji na hewa. Ukiondoa kimoja, kutu haipo. Kazi kubwa ya rangi ni kuzuia maji na hewa visifike kwenye chuma. Tatizo ni kwamba kutu ikishaota inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Inavimba. Ndiyo maana rangi iliyopakwa juu ya kutu huinuka kama malengelenge, kisha hubanduka. Ukipaka rangi juu ya kutu umeifunika tu, na huko chini itaendelea kula usiione.

Wenye kiwanda walilijua hili mapema. Historia yote ya rangi ya kiwandani ni historia ya kutafuta njia ya kukifikia chuma kikiwa safi na kikavu, kabla kutu haijakifikia.

Meli iliyopandishwa Liuli

Tuanzie jirani, ufukweni kwetu. Kabla ya magari, chombo kikubwa cha chuma katika upande huu kilikuwa meli. Wajerumani walikuwa na meli ya Hermann von Wissmann, iliyoletwa kutoka Ulaya vipande vipande kwa njia ya mito Zambezi na Shire. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia pale Liuli, katika wilaya ya Nyasa ya leo. Ni moja ya mapambano ya mwanzo kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza. Wakati huo Wissmann haikuwa majini. Ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo.

Wengi husimulia habari ya mizinga. Mimi nataka utazame hilo la kupandishwa. Meli ya chuma haiwezi kuishi majini miaka yote bila kupandishwa, kukwanguliwa na kupakwa upya. Enzi hizo rangi ya msingi iliyotegemewa sana kwa vyuma ilikuwa nyekundu, yenye madini ya risasi. Ilishika chuma vizuri na kuzuia kutu kwa miaka mingi, lakini risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Baadaye nafasi yake ilichukuliwa na rangi nyekundu ya oksaidi, ile mafundi wetu wanayoiita redoksaidi. Zinafanana kwa macho, lakini hazifanani kwa hatari. Nitarudi kwenye jambo hili.

Weusi wa tanuri

Magari ya Ford Model T ya Marekani, tangu 1914 hadi 1925, yalitoka kiwandani yakiwa meusi tu. Rangi ile nyeusi ilikuwa na asili ya lami, ilikuwa ya bei nafuu, ilidumu, na vyuma vilivyopakwa viliweza kuingizwa kwenye tanuri vikakaushwa kwa joto. Rangi iliyookwa hukaza na kushikamana na chuma kuliko ile iliyokaushwa na upepo.

Baiskeli ya Phoenix uliyoiona kwa babu yako ilikuwa na weusi wa namna hiyo. Ndiyo sababu fremu ilibaki nyeusi na laini miaka mingi, lakini ukiipaka leo kwa brashi, msimu mmoja unatosha kuichubua. Tofauti ipo kwenye usafi wa chuma kabla ya kupakwa na kwenye joto la kukaushia.

Mwaka 1906 Mwingereza Thomas Watts Coslett aliandikisha uvumbuzi mwingine. Alichovya chuma kwenye asidi ya fosforiki yenye moto, na juu ya chuma ikaota ngozi nyembamba ya fosfeti, ya kijivu inayoelekea nyeusi. Ngozi hiyo peke yake haizuii kutu sana, ila inanywa mafuta na kushika rangi, kama udongo mkavu unavyonywa maji. Viwanda vya magari viliichukua, vikawa vinaiweka chini ya rangi. Bolti za kijivu zisizong'aa unazozikuta kwenye injini za zamani mara nyingi zina ngozi ya aina hiyo na mafuta kidogo juu yake.

Zinki, rafiki unayeishi chini yake

Vazi lingine unalijua vizuri, kwa sababu huenda umelala chini yake jana usiku. Ni zinki ya kwenye bati. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hati ya uvumbuzi wa kuchovya chuma kwenye zinki iliyoyeyushwa. Zinki huyeyuka ikipita kidogo nyuzi joto 419, na viwanda huchovyea kwenye nyuzi kama 450.

Zinki haizibi tu kama rangi. Inajitoa. Bati likikwaruzwa hadi chuma kikaonekana, zinki ya pembeni inakubali kuliwa kwanza, na chuma kinasalimika kwa muda. Rangi ya kawaida haiwezi kufanya hivyo: ikikwaruzwa, pale pale chuma kinaanza kuoza.

Kwa bolti na vipande vidogo, viwanda vilitumia umeme kupaka utando mwembamba zaidi wa zinki, kisha vikaupitisha kwenye dawa yenye kromu. Dawa hiyo ndiyo iliyouacha na mng'ao wa manjano kama dhahabu. Ukiona bolti ya manjano kwenye gari la zamani, si kwamba imeingia uchafu. Ndiyo rangi yake ya kuzaliwa.

Kromi ya kwenye bampa na rimu za baiskeli ilienea mwishoni mwa miaka ya 1920, ikachukua nafasi ya nikeli tupu. Wengi hudhani kromi ndiyo inayokinga. Kromi ni nyembamba mno, inaleta mng'ao na ugumu. Kinga yenyewe ni nikeli iliyo chini yake. Kromi ikitoboka na nikeli ikapitisha maji, kutu huanzia ndani na kuibandua kama ganda la yai.

Vita, karanga na Land Rover

Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, na mashine mpya hazikutosha. Mwaka 1947 Waingereza walipoanzisha mpango wao wa karanga Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea kusini kwetu, walilazimika kutumia matrekta mengi ya mitumba yaliyobaki vitani, mengine yakitoka hadi Ufilipino. Mengi yaliharibika mapema, na mpango wote ulikufa mwaka 1951. Ulikuwa na makosa mengi zaidi ya matrekta, lakini somo moja linatuhusu: mashine kuukuu haiwi mpya kwa sababu imesafirishwa mbali na kukabidhiwa kwa sherehe.

Uhaba huohuo wa chuma ndio uliozaa Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kwa kuwa chuma kiligawiwa kwa kibali, bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini. Rangi ya kijani ya magari ya mwanzo ilikuwa ile ya ndege iliyobaki vitani. Kingo za juu ya bodi zilikuwa chuma kilichochovywa kwenye zinki. Lakini chasisi ilikuwa ya mabamba ya chuma yaliyochomelewa kuwa boksi, na kupakwa rangi.

Sasa unaona kwa nini gari hilo huzeeka vile. Alumini haioti kutu nyekundu. Zinki inajitoa. Bodi inabaki nzima. Lakini boksi la chasisi lina nafasi ndani, na ndani huko matope huingia kwa matundu, hukaa, na kuoza chuma kutoka tumboni. Nje unaona nyeusi nzuri, ndani ni majani ya chai.

Magari ya baadaye yalipata msaada mwingine. Kuanzia miaka ya 1960, na zaidi miaka ya 1970, viwanda vilianza kuzamisha bodi nzima kwenye bwawa la rangi na kupitisha umeme, ili rangi ivutwe hadi kwenye pembe ambazo brashi na bomba la kupulizia havifiki. Chasisi ya 109 iliyotoka zamani haikulelewa hivyo. Kwa hiyo kuirudisha maana yake ni kufika ndani ya boksi. Kupaka nje peke yake ni nusu ya kazi.

Miaka ya uhaba na tabia tuliyorithi

Wazee wetu wanakumbuka mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, tulikuwa tumetoka vita vya Kagera, fedha za kigeni hazikuwepo. Scania ziliunganishwa Kibaha, lakini kupata kipuri kulihitaji subira. Rangi sahihi ilikuwa anasa. Fundi alitumia alichonacho: oili chafu chini ya gari, lami iliyochemshwa, rangi ya fedha juu ya kila kilichopauka.

Siwalaumu hata kidogo. Waliweka magari barabarani pale ambapo hapakuwa na njia nyingine. Lakini uhaba ulipoisha, tabia ilibaki. Leo redoksaidi inapatikana Mbinga na Songea, na bado tunapaka oili chafu. Oili hiyo huharibu mipira ya bushi, hushika vumbi na matope, na ikidondoka shambani inaua udongo. Na lami nzito ikipakwa juu ya kutu yenye unyevu inafungia maji ndani. Inaozesha kwa haraka kuliko kuacha wazi.

Jambo linalotuhusu sisi wa kahawa

Hewa ya Ziwa Nyasa haina chumvi, tofauti na Mtwara au Dar es Salaam. Hiyo ni bahati yetu. Gari lililoishi pwani, au lililotoka Japani kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, likaguliwe mara mbili. Lakini hata huku tunayo chumvi tunayoileta wenyewe: mbolea. CAN, SA na DAP ni chumvi, na pamoja na urea huvuta unyevu. Kilo chache zilizomwagika kwenye sakafu ya gari, zikapata umande, zinafanya kazi ya bahari.

La pili wengi hawalijui. Dawa za kopa tunazopuliza dhidi ya kutu ya majani na chulebuni zina shaba. Shaba ikitua juu ya alumini au zinki yenye unyevu, huanza kuitoboa. Dawa inayoponya kutu ya kahawa inaweza kula bodi ya Land Rover na bati la ghala lako. Usiache bomba la kupulizia linalovuja nyuma ya gari usiku kucha. Osha kwa maji mengi, mbali na kisima na mto.

Namna ya kurudisha, hatua kwa hatua

Fanya kazi hii kiangazi, jua likishakausha umande.

1. *Tafuta vazi la asili.* Fungua kibati kimoja au mpira mmoja, angalia chini yake, mahali ambapo jua na mikono havikufika. Hapo utaona kama palikuwa na weusi, zinki, manjano au kijivu. Tumia sumaku: isiposhika kwenye bodi ya Land Rover, hiyo ni alumini.

2. *Ondoa mafuta kabla ya kutu.* Sabuni na maji ya moto, halafu kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha sabuni tena. Ukianza na msasa kabla ya sabuni unapaka grisi ndani ya mikwaruzo, na rangi haitashika.

3. *Chasisi.* Zibua matundu ya kutolea maji, ingiza maji ya mpira hadi yatoke safi, acha ikauke siku kadhaa. Kwangua nje kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kionekane. Paka redoksaidi siku hiyohiyo, mikono miwili, kisha nyeusi. Ndani ya boksi pulizia mafuta mazito au nta iliyolainishwa, yafike kwenye pembe.

4. *Zinki.* Usiikwangue hadi chuma, utakuwa unaondoa kinga. Ioshe tu. Palipotoka kutu, safisha hapo na upake rangi yenye unga wa zinki. Rangi ya kawaida ya mafuta ikipakwa moja kwa moja kwenye zinki hubanduka.

5. *Alumini.* Usitumie brashi ya waya wa chuma. Ukiona unga mweupe mahali bodi inapokutana na chuma, ni alumini inayoliwa. Fungua, safisha, paka pande zote mbili na weka kipande cha mpira katikati.

6. *Bolti ndogo na vibati.* Loweka kwenye siki usiku mmoja, sugua, suuza kwa maji ya magadi, kausha na upake mafuta mara moja. Ila usiloweke springi, bolti za usukani wala bolti ngumu zenye namba 8.8 na kuendelea. Asidi inaweza kuzifanya zikatike ghafla. Hizo kwangua kwa mkono, na zilizoliwa badilisha.

7. *Kromi.* Kutu nyepesi huondoka kwa karatasi ya alumini iliyokunjwa na kuloweshwa maji. Ikishabanduka, haina dawa ya nyumbani. Kemikali za kromi ni sumu kali, usijaribu.

8. *Usipake* diski za breki, nyuzi za bolti, mipira, wala mabomba ya breki yaliyoanza kuliwa. Bomba la breki lililoliwa linabadilishwa.

Na ile rangi ya risasi niliyosema: rangi nyekundu au ya chungwa ya miaka mingi usiikwangue kavu. Lowesha, funika pua na mdomo, weka watoto na kuku mbali, kusanya mabaki. Vilevile fundi asichomelee chuma chenye zinki kabla ya kuikwangua pale anapochomea, na afanye hivyo penye upepo. Moshi wake mweupe huleta homa.

Kabla hujalipa

Sasa rudi kwa lile gari linalong'aa. Usibishane na muuzaji. Omba nyundo ndogo na bisibisi. Gonga chasisi taratibu kutoka mbele hadi nyuma, hasa kwenye vishikio vya springi na boriti ya nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya debe lililojaa udongo. Chomeka bisibisi kwenye matundu ya maji: likitoka na magamba, umepata jibu. Kama bolti, mpira na bomba vyote vina rangi moja, basi aliyepaka hakufungua kitu. Alipuliza tu.

Muuzaji aliyerudisha gari kweli hataogopa nyundo yako. Anayekataa usiguse, mshukuru na uondoke. Gari hilo litabeba wewe, jirani yako na magunia ya mwaka mzima kwenye mteremko wa kwenda Mbamba Bay. Hapo kinachobeba ni chasisi, si rangi.